Niweke au Nisiweke Dawa Kwenye Dizeli: Niliyojifunza kwa Pikapu Mbili

Mwenye pikapu ya dizeli hawezi kulikwepa swali hili: hii dawa ya kuchanganya kwenye mafuta ina faida, au ni kutupa hela? Nimeendesha pikapu za dizeli kwa miaka mingi. Ya kwanza ilikuwa na pampu ya kizamani isiyo na waya hata mmoja wa kompyuta, na ninayoendesha sasa ina komoni reli (mfumo ambao reli moja yenye mafuta ya mgandamizo mkubwa inalisha silinda zote), sensa kila kona na chujio la masizi kwenye ekzosi. Zote mbili ni za kazi: mzigo, vilima, vumbi. Kuna dawa nimeweka na nyingine nimezikataa, na msimamo niliobaki nao ni kwamba kuchagua chupa ni jambo la mwisho. Kwanza ujue gari linaumwa nini, na mafuta unayolipa yakoje. Asiyejua hayo mawili anabahatisha, hata akinunua chupa ya bei gani.

Aliyenifundisha hivyo ni fundi mmoja mzee wa pampu. Pikapu ya kwanza ilianza kuishiwa nguvu mlimani ikiwa na mzigo. Kwenye tambarare inavuta vizuri, ukifika katikati ya mlima unakanyaga mafuta inakataa, mara inazinduka yenyewe, mara inakataa tena. Karibu kila dereva niliyemweleza alinijibu vilevile: nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, zimeziba, weka dawa ya kusafisha. Nikaenda kwa yule mzee ili anitajie dawa nzuri.

Hakugusa habari ya dawa. "Fungua boneti, mwanangu," aliniambia. Akachukua chupa tupu ya plastiki, nyeupe, iliyokauka vizuri ndani. Akailegeza skrubu iliyo chini ya filta ya dizeli, akapiga ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta mpaka chupa ikafika nusu. Akaifunga, akaiweka kivulini juu ya meza yake ya kazi, akarudi kwenye shughuli nyingine.

Yale mafuta yalitoka na ukungu, kama hayajaamua yawe ya rangi gani. Tuliporudi kuyatazama yalikuwa yamejitenga. Juu dizeli ya manjano, safi, imetulia. Chini maji, yanafika upana wa kidole. Na pale yalipokutana kulikuwa na utando mwembamba wa kahawia. Ukiinamisha chupa unakatika vipande, ukiisimamisha unajikusanya tena. Mzee akaielekeza chupa kwenye mwanga wa mlangoni.

"Haya ndiyo yanayoingia kwenye pampu yako. Sasa niambie, dawa ya nozeli itasaidia nini hapa?"

"Si itasafisha, mzee?"

"Itasafisha nozeli huku pampu inakunywa maji. Toa maji, osha tangi, badili filta. Ukiona bado, njoo tuzungumze habari ya nozeli."

Tangi likafunguliwa kizibo cha chini, likatolewa uchafu, filta ikawekwa mpya, hewa ikatolewa. Mlima uleule na mzigo uleule ukapandwa bila kigugumizi. Nozeli hazikuguswa. Tangu siku hiyo dalili yoyote ya mafuta naianzia kwenye chupa nyeupe, kwa sababu hainigharimu chochote na inanionyesha kwa macho kile ambacho watu wengine wanakisia.

Niseme kwa nini maji ni adui mkubwa kiasi hicho, kwa sababu hapa ndipo chupa nyingi za dawa zinapokosewa. Pampu ya dizeli haina oili yake ya kulainisha sehemu zile zinazosukuma mafuta. Katika aina nyingi, dizeli inayopita ndiyo inayolainisha. Vyuma vyake vinaachana kwa maikroni chache tu, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwenye komoni reli mambo ni makali zaidi: mifumo ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza na mgandamizo wa baa (kipimo cha mgandamizo) 1,350 hivi, na ya siku hizi inapita baa 2,000. Mafuta hayo yanapita kwenye matundu ya injekta (ndizo nozeli za mfumo huu) yenye upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Tone la maji likiingia humo halilainishi kitu. Linaleta kutu kwenye chuma kilichong'arishwa kama kioo, na likifika kwenye ncha ya injekta iliyo ndani ya moto linageuka mvuke ghafla na linaweza kuimega ncha yenyewe.

Sasa, ziko dawa zinazoandikwa kwamba zinaondoa maji. Ukiiona hiyo, jiulize: yanaondoka yanakwenda wapi? Kuna njia mbili, na zinapingana. Dawa za aina ya kwanza hulazimisha maji yajitenge na dizeli upesi, yazame chini ya filta au ya kitenganishi cha maji, uyatoe kwa mkono. Za aina ya pili huyavunja maji kuwa matone madogo mno yanayoelea ndani ya dizeli, yapite filta, yapite pampu, yakaungue na mafuta. Kwa pikapu ya zamani yenye mgandamizo mdogo, hii ya pili inaweza ikapita bila kishindo. Kwa komoni reli mimi siigusi. Kitenganishi cha maji kiliwekwa na kiwanda ili maji yasifike kwenye pampu, na dawa ya aina hiyo inafanya kinyume chake. Zile zenye spiriti ndani ni mbaya zaidi, maana spiriti inapunguza ulainishaji na inashusha kiwango cha joto ambacho mvuke wa mafuta unashika moto. Dizeli ya kiwango cha Ulaya inatakiwa mvuke wake usishike moto chini ya nyuzi 55 za Selsiasi, na ni sehemu ya sababu tunaiona dizeli ni salama kuliko petroli. Ukiimwagia spiriti umeuharibu usalama huo kwa mkono wako.

Njia yangu ya kuondoa maji imebaki ya kizamani. Natoa maji kwenye filta mara kwa mara, siachi pikapu ilale wiki nzima tangi likiwa karibu tupu, na taa ya maji kwenye dashibodi ikiwaka nasimama papo hapo. Tangi tupu limejaa hewa, hewa ina unyevu, usiku ikipoa unyevu unageuka matone kwenye kuta za tangi na kutiririka chini. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yanakaa sakafuni kwenye tangi, karibu kabisa na mdomo wa bomba la kuvutia mafuta.

Jambo la pili ambalo husemwa sana ni kwamba dizeli ya siku hizi ni kavu, haina mafuta ndani yake, kwa hiyo lazima uilainishe. Hapa kuna ukweli, ila ukweli wenyewe ni mpana zaidi. Ili kupunguza moshi na sumu, viwanda vya kusafisha mafuta vilitakiwa kutoa salfa. Ulaya ilifika kikomo cha sehemu 10 kwa milioni mwaka 2009, na Marekani ilianza kusambaza dizeli ya sehemu 15 kwa milioni mwaka 2006. Salfa haitoki kwa kuchujwa. Inatolewa kwa haidrojeni chini ya joto na mgandamizo mkubwa, na kazi hiyo inaondoa pia vitu vingine vidogo ambavyo ndivyo vilikuwa vinalainisha vyuma. Watu wengi wanadhani salfa yenyewe ndiyo ilikuwa inalainisha. Sivyo. Iliondoka ikiwa imefuatana na walainishaji.

Waliotengeneza viwango waliliona hilo mapema. Kuna kipimo cha maabara ambacho kigololi cha chuma kinasuguliwa juu ya bamba la chuma ndani ya dizeli yenye joto la nyuzi 60 kwa dakika 75, kisha kovu lililobaki kwenye kigololi linapimwa kwa darubini. Ulaya kovu lisizidi maikroni 460, Marekani lisizidi 520. Dizeli isiyofikia hapo inaongezwa kilainishi ghalani kabla haijapakiwa kwenye malori. Kwa hiyo dizeli halali, iliyotoka mahali panapofuata viwango, inakufikia ikiwa tayari imetiwa dawa hiyo. Ukiongeza yako juu yake, kwa kawaida hakuna ubaya ukifuata kipimo, lakini usitegemee utaona tofauti.

Pampu nyingi ninazozijua zilizokufa hazikuuawa na dizeli kavu. Ziliuawa na dizeli iliyochakachuliwa, au na mwenye gari mwenyewe. Rafiki yangu mmoja aliambiwa kwamba mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli yanaosha nozeli. Ni kweli mafuta ya taa ni mepesi na yanayeyusha uchafu. Ni kweli pia kwamba ulainishaji wake ni hafifu, na pikapu yake ilikuwa ya komoni reli. Haikuchukua muda, ikawa inazimika ikishapata moto. Filta yake ilipokatwa kwa msumeno na karatasi yake kukunjuliwa, ilikuwa inameta. Nilipitisha kidole nikadhani ni mchanga. Ulikuwa unga wa chuma, mwembamba kuliko chumvi, unabaki kwenye mistari ya ngozi hata ukijifuta. Pampu ilikuwa inajisaga. Na kwenye mfumo huo unga hauishii kwenye pampu: unaingia kwenye reli, unaingia kwenye injekta, unarudi na mafuta ya ziada mpaka kwenye tangi. Ilibidi vibadilishwe vyote na tangi lioshwe. Niliumia naye, kwa sababu pikapu ile ndiyo iliyokuwa inamlisha.

Kama unanunua mahali usipopaamini na huna pengine pa kununua, hapo kilainishi cha chupa kina maana, nami nimekuwa nikikiweka ninapolazimika kujaza mafuta nisiyoyajua. Lakini kilainishi hakiwezi kuirudisha dizeli iliyokatwa na mafuta ya taa kuwa dizeli. Dawa bora ya mafuta ya wasiwasi ni kutoyanunua.

Tuje kwenye namba ya setani. Hii ndiyo inayoeleza dizeli inachelewa kiasi gani kuwaka tangu ipuliziwe ndani ya silinda. Namba ikiwa ndogo inachelewa, mafuta yanarundikana, kisha yanawaka kwa mpigo mmoja. Ndiyo ile kelele ya kugonga asubuhi na moshi mweupe wa kuwasha macho. Kiwango cha Ulaya kinataka namba isiyopungua 51. Marekani kinaruhusu hata 40. Tofauti hiyo ni kubwa, na inaeleza kwa nini dereva mmoja anaapa kwamba dawa ya setani imemtulizia injini na mwingine anaapa kwamba ni maji matupu. Wote wawili wanasema walichokiona. Mwenye dizeli ya namba 42 akiongeza chache anasikia tofauti. Mwenye 53 hana anachoongeza, maana injini ikishapata kiwango ilichotengenezewa, kinachozidi hakileti nguvu. Kemikali inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni nitrati ya ethilihexili, na viwanda vyenyewe vya mafuta huitumia.

Ila kabla ya kuilaumu setani, angalia plagi za joto (zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha), betri, na mgandamizo wa silinda. Plagi moja ya joto iliyokufa inatoa dalili zilezile: kuwaka kwa shida, kutikisika, moshi mweupe kwa dakika ya kwanza. Kumpa mgonjwa dawa kabla ya kumpima ni kumchelewesha.

Moshi mweusi nao una mambo yake. Watu wakiuona wanakimbilia dawa ya kusafisha, wakati moshi mweusi maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa, na hewa inaweza kupungua kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na nozeli: filta ya hewa iliyojaa vumbi, mpira wa turbo uliopasuka, vali ya kurudisha moshi iliyokwama wazi. Mpira wa turbo unaweza kuwa na ufa usiouona mpaka uuminye kwa mkono. Hakuna chupa inayoziba ufa.

Baada ya kusema hayo yote, ipo dawa moja ninayoipa heshima yake, nayo ni ya kusafisha injekta za komoni reli. Pikapu ninayoendesha sasa ilifika wakati ikawa inatetemeka kidogo ikiwa imesimama, hasa ikiwa bado baridi, na sauti yake ikawa kavu. Nikaanza na chupa nyeupe: hakuna maji. Nikabadili filta ya dizeli, nikaendesha kwa muda bila kuongeza kitu chochote, makusudi, ili nijue filta peke yake imefanya nini. Mtetemeko ukabaki. Nikaenda kupimiwa mafuta yanayorudi kutoka kila injekta. Fundi anaunganisha vichupa vinne, injini inanguruma, na unaangalia kipi kinajaa haraka. Vilijaa karibu sawa, kwa hiyo injekta hazikuwa zimechakaa ndani. Kompyuta nayo ilionyesha silinda moja ikisahihishiwa kiasi cha mafuta zaidi kidogo kuliko wenzake.

Hapo ndipo nikaona dawa ina kazi ya kufanya. Nikachagua inayosafisha, isiyo na spiriti, iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kwa komoni reli na kwa gari lenye chujio la masizi, nikaiweka kwa kipimo cha chupa, tangi baada ya tangi. Tangi la kwanza sikuona kitu. Baadaye mtetemeko ukapungua taratibu, na kompyuta ilipopimwa tena ile silinda ikawa imekaribiana na wenzake. Naamini dawa ndiyo iliyofanya kazi, kwa sababu hakuna kingine nilichobadilisha kati ya vipimo viwili.

Inavyofanya kazi si muujiza. Injekta za kisasa hushika uchafu wa aina mbili: masizi yaliyokauka kuzunguka matundu ya nje, na utando mgumu kama vanishi ndani kabisa, kwenye sindano inayofungua na kufunga. Huo wa ndani ndio unaosumbua, maana sindano inachelewa kidogo mno, na kwenye komoni reli uchelewaji mdogo ni mkubwa. Kemikali za kusafisha zina kichwa kinachong'ang'ania uchafu na mkia unaopenda dizeli. Zinaubandua na kuubeba kidogo kidogo. Ndiyo maana huchukua muda, na ndiyo maana sipendi kumwaga chupa tatu kwa mpigo kwenye gari ambalo halijasafishwa miaka. Uchafu mwingi ukibanduka kwa pamoja unaishia kwenye filta au kwenye tundu. Na injekta iliyokwisha kuchakaa, inayovujisha au iliyomeguka ncha, haina dawa ya chupa. Hiyo ni ya kufunguliwa, kupimwa kwenye mashine, na kutengenezwa au kubadilishwa.

Dawa zinazoahidi kupunguza ulaji wa mafuta kwa asilimia kumi, kumi na tano, ishirini, nitazisemea kwa hesabu. Chukua tangi la lita 80 na chupa inayotaka mililita 80 kwa tangi. Ni sehemu moja kwa elfu. Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi, na hata hiyo dawa ingekuwa na nishati mara mbili ya dizeli, bado ingeongeza kiasi ambacho mguu wako hauwezi kukisikia. Njia pekee iliyobaki ni kuifanya injini iunguze vizuri zaidi mafuta iliyonayo. Lakini injini ya dizeli isiyo na kasoro tayari inaunguza zaidi ya asilimia 98 ya mafuta inayopuliziwa. Hiyo asilimia kumi na tano itatoka wapi? Shirika la Marekani la Kulinda Mazingira limepima vifaa na dawa za kubana mafuta zaidi ya mia moja kwa miaka mingi, na ni chache sana zilizoonyesha faida yoyote, nazo ndogo. Injini iliyokuwa imechafuka ni habari nyingine: ikisafishwa inarudisha ilichokuwa imepoteza, basi.

Anayetaka kujipima mwenyewe apime kwa haki. Jaza tangi mpaka bomba la kujazia lijizime lenyewe, endesha njia ileile, mzigo uleule, rudi ujaze kwenye pampu ileile, gawanya. Rudia bila dawa na kwa dawa, zaidi ya mara moja. Na upepo wa matairi uwe sawa kila mara, kwa sababu matairi yaliyolegea yanakula mafuta kuliko watu wanavyofikiri. Madereva wengi wanaosifia dawa waliimwaga siku ileile waliyotoka gereji, gari limebadilishwa filta zote na oili, matairi yamejazwa, kisha sifa yote ikaenda kwa chupa.

Kuna dawa ya kuua vijidudu, na hii watu wengi hawaijui mpaka yawakute. Pikapu ya kwanza iliwahi kukaa muda mrefu bila kutembea. Ilipowashwa ikaziba filta, ikabadilishwa, ikaziba tena. Tangi lilipofunguliwa lilikuwa na harufu ya kitu kilichooza, na sakafuni kulikuwa na ute mweusi unaoteleza, unanyooka ukiuvuta kwa kijiti. Ndani ya tangi kulikuwa na uhai. Ukungu na bakteria huishi pale dizeli na maji yanapokutana: wanakula dizeli, wanaishi kwenye maji. Asidi wanayotoa inakula chuma cha tangi. Dizeli yenye bayodizeli ndani (mafuta yanayotokana na mimea au wanyama), na dizeli ya kawaida ya Ulaya huwa nayo mpaka asilimia 7, huvuta unyevu zaidi, kwa hiyo nayo ikikaa inawapa makazi mazuri. Dawa ya kuwaua ipo na inafanya kazi, lakini maiti zao zinabaki, na ndizo zinazoziba filta. Tangi likishafika hapo lazima lishushwe lioshwe kwanza, dawa ifuate kwa ajili ya mabaki. Na vaa glavu; kinachoua viumbe hao hakipendi ngozi yako pia. Kwa pikapu inayotembea kila siku na kujazwa mafuta mapya, dawa hii sioni ya nini.

Kwenye baridi kali ya kugandisha, dawa ya kuzuia nta ina sababu ya kuwepo. Dizeli ina nta ndani yake. Ikipoa sana nta inajitokeza, kwanza kama ukungu, kisha inaziba filta. Muhimu ni kwamba dawa hiyo inawekwa dizeli ikiwa bado ina joto. Inazuia chembe za nta zisikue, zikishaganda haiziyeyushi. Panapouzwa dizeli ya majira ya baridi, imeshafanyiwa hivyo kabla hujaifikia.

Oili ya pikipiki ya kuchanganya kwenye dizeli, desturi inayopendwa sana, nimeiacha kabisa. Kwa pampu ya zamani sikuwahi kuona madhara yake, na wanaoisifu kwa ulainishaji wana hoja. Lakini oili ina madini, na madini hayaungui. Yanabaki majivu. Masizi kwenye chujio la ekzosi yanachomwa na gari lenyewe linapojisafisha. Majivu hayachomeki, yanajikusanya mpaka chujio likatolewe kuoshwa au kubadilishwa. Kwa sababu hiyohiyo nakwepa dawa yoyote inayojisifu kuwa na metali ndani yake, isipokuwa magari machache yaliyotengenezewa dawa maalumu na kiwanda chenyewe.

Kitabu cha gari usikiruke. Watengenezaji wengi wameandika waziwazi kwamba hawataki kiongezeo chochote kwenye dizeli, wengine wanataja walichokipitisha. Kama pikapu bado ina dhamana, neno lao lina uzito kuliko langu na la fundi wako, na tunza risiti za mafuta.

Ukishapima, ukaona sababu, na ukaamua kuweka, mimina dawa kwanza tangi likiwa karibu robo, kisha jaza mafuta juu yake. Dizeli inayoingia kwa kasi ndiyo inayoichanganya. Ukiimwaga juu ya tangi lililojaa inaweza kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Fuata kipimo kilichoandikwa, usichanganye dawa mbili tofauti kwenye tangi moja, na uwe na filta mpya ndani ya gari pamoja na spana ya kuifungulia, kwa sababu uchafu utakaobanduka kwenye tangi na mabomba utaishia hapo.